Kumfundisha Kompyuta Kombolela ya Ngarenaro

Kombolela ya kwenye simu ina shida ambayo ile ya mtaani haina: saa nane mchana hakuna watu. Mtaani ukipiga mluzi wanatokea. Kwenye seva yetu, saa hizo watoto wako shule, wakubwa wako kazini, na yule mmoja aliyejiunga bando akiingia anakuta uwanja mtupu. Gemu inataka watu sita, mmoja alinde kopo na watano wajifiche. Nafasi zinazobaki lazima zijazwe na kompyuta, yaani wachezaji wa programu tunaowaita maroboti, na katika timu yetu ya watu watatu hapa Arusha kazi hiyo iliniangukia mimi.

Kwa aliyekulia kusikochezwa kombolela: kopo linawekwa katikati, mmoja analibutua mbali, na wakati mlinzi analifuata na kulirudisha mahali pake, wenzake wanajificha. Mlinzi akimwona mtu anamtaja jina na kuwahi kuligusa kopo, aliyetajwa ametekwa. Lakini mmoja aliyebaki mafichoni akichomoka na kulibutua tena, mateka wote wamekombolewa na mlinzi anaanza upya. Ukimtaja Juma kumbe ni Hamisi, nayo imekula kwako. Ramani yetu ni mtaa wa kubuni wenye sura ya Ngarenaro, mtaa wa hapa Arusha: korido nyembamba, mabati, kibanda cha chipsi, gari bovu lisilo na matairi, na Mlima Meru ukionekana upande wa kaskazini ili mchezaji asipotee.

Watu hudhani ugumu wa kazi hii ni kumpa roboti akili. Akili anazo nyingi mno. Programu inayoendesha mchezo ndiyo inayoshika orodha ya nani yuko wapi, na roboti anaishi ndani ya programu hiyohiyo. Ukimwachia, anahesabu, anageuka, anakwenda moja kwa moja nyuma ya gari bovu na kukutaja jina kabla hujakaa vizuri. Vijana wa banda moja la gemu kule Sanawari, ambao mwenye banda alituruhusu tuwape simu zetu wajaribu, hawakumaliza hata raundi. "Kaka, huyu anaona kupitia ukuta," mmoja akaniambia, akarudisha simu na kurudi kwenye pedi yake.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kumnyima. Tukampa macho: pembe ya kuona mbele yake, umbali wenye mwisho, na ukuta unaoziba. Tukampa masikio: hatua za anayekimbia zinasikika mbali kuliko za anayenyata, na bati likikanyagwa linasikika mtaa mzima. Wazo hilo lina umri. Thief: The Dark Project, gemu iliyotoka mwaka 1998, ilijengwa juu yake; walinzi wake wanaona vibaya gizani, na wanakusikia zaidi ukitembea kwenye vigae kuliko kwenye zulia.

Macho peke yake hayakutosha, kwa sababu roboti aliyeona aligeuka papo hapo. Mtu akikaa anasubiri taa moja iwake, huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250 mpaka kidole kibonyeze. Akiwa na mambo kadhaa ya kuchagua anachelewa zaidi, jambo ambalo William Edmund Hick alilipima na kulichapisha Uingereza mwaka 1952. Hata wale wa OpenAI, kampuni ya akili bandia ya Marekani, programu yao ya kucheza gemu ya vita ya Dota 2 ilipowafunga mabingwa wa dunia mwaka 2019, walikuwa wameiwekea ucheleweshaji wa takriban milisekunde 200 ili ushindani uwe na maana. Sisi tuliona kwamba ukiweka ucheleweshaji wa kiasi kilekile kila mara, vijana wanaunusa haraka sana. Mtu aliyekodolea macho kona fulani humwona anayetokea hapo mapema. Anayetokea pembeni ya jicho huchukua muda, na mara nyingi mwonaji hupunguza mwendo kwanza, anageuza kamera nusu, anasita.

Na kombolela ina kitu ambacho gemu za bunduki hazina: kuona hakutoshi, lazima umtambue mtu. Kichwa kilichochungulia juu ya pipa ni kichwa tu. Roboti wetu sasa anaona kwanza "mtu", halafu "mwenye shati jekundu", halafu jina, na kila hatua inakula muda kulingana na umbali na kiasi cha mwili kilichojitokeza. Hapo katikati ndipo anaposogea hatua mbili mbele na kurudi moja, na hapo ndipo nilipowasikia vijana kwa mara ya kwanza wakimzomea kama wanavyomzomea mwenzao. Wakati huo hawakuwa wakiniangalia mimi tena, na nilifurahi.

Miguu nayo ilikuwa na mambo yake. Njia inayotumika sana kutafuta barabara fupi kwenye ramani inaitwa A*, ilichapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakimtafutia njia roboti wa chuma aitwaye Shakey huko California. Inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Roboti anayeifuata hupita akigusa kila kona ya nyumba, hapungui mwendo, hakwaruzi ukuta. Binadamu anayeshika simu hatembei hivyo, kwa sababu hatembei kwa miguu. Anatembea kwa dole gumba juu ya kioo. Nilikaa jioni nzima nikiangalia madole gumba. Yanateleza. Yakitoka jasho, mwenyewe anajifuta kwenye suruali, na kwa muda huo mhusika wake kwenye gemu anasimama katikati ya njia kama aliyesahau jambo. Dole likifika ukingoni mwa duara la kuongozea, linapitiliza, mhusika anaendelea kwenda kushoto wakati mwenyewe anataka kulia, halafu anarekebisha kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba kadiri shabaha ilivyo ndogo na mbali ndivyo mkono unavyochelewa kuifikia, na unaliona hilo waziwazi mtoto anapokimbilia kujipenyeza kwenye korido nyembamba: anaongeza kasi uwanjani, anapunguza mlangoni.

Tukaacha kumwendesha roboti moja kwa moja. Sasa kati yake na mhusika wake kuna dole gumba la kubuni, lenye uzito, lenye kupitiliza, lenye kujifuta jasho mara chache. Ubongo wa roboti unaliamuru dole, dole linamwamuru mhusika. Kati ya vitu vyote tulivyofanya, hiki ndicho kilichotusaidia zaidi kwa gharama ndogo zaidi, na ningemshauri yeyote anayeanza aanzie hapo kabla hajagusa akili ya aina yoyote.

Baada ya hapo tukaanza kurekodi, kwa idhini ya wachezaji na ya wazazi wao, bila majina: dole liko wapi, kamera inaelekea wapi, mhusika yuko wapi. Ukiyatazama baadaye kwenye ramani, uchezaji wa watu ni fujo yenye mpangilio. Wanarudia maficho yaliyowaokoa raundi iliyopita, hata kama mlinzi ni yuleyule. Wawili wanakimbilia sehemu moja, mmoja anamfukuza mwenzake, wote wanaonekana. Wanarukaruka bila sababu wakati wa kusubiri. Wanachungulia mapema mno. Mlinzi anayetafuta haendi mbali na kopo kwa mstari; anazunguka kwa nusu duara, na kadiri anavyosogea mbali ndivyo anavyogeuka nyuma mara nyingi zaidi.

Kuna mashindano yaliyolichokonoa jambo hili rasmi. BotPrize yalianza mwaka 2008, yakiongozwa na Philip Hingston wa Australia, na uwanja wake ulikuwa gemu ya Unreal Tournament 2004. Binadamu na maroboti walichanganywa, waamuzi wakicheza humo humo na kusema nani ni nani. Mwaka 2012 programu mbili zilivuka nusu: UT^2 ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, na MirrorBot ya Mihai Polceanu. Zote zilionekana ni watu kwa zaidi kidogo ya asilimia 50 ya hukumu, wakati wachezaji wenyewe wa damu na nyama walipata wastani wa asilimia 40 hivi. Watu halisi, kwa maneno mengine, walishukiwa kuliko mashine. Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikalishuhudia Sanawari: binti mmoja mtulivu, asiyerukaruka, anayejificha vizuri na kukaa kimya, alituhumiwa na wenzake raundi baada ya raundi kuwa ni kompyuta, mpaka akasimama na kuwaonyesha skrini yake.

UT^2 ilikuwa na hila ambayo tuliichukua. Roboti akikwama mahali, hakutafutiwa njia kwa hesabu. Aliazima mwendo wa mtu halisi aliyewahi kurekodiwa akipita sehemu hiyo. Sisi tunaitumia kwenye korido nyuma ya kibanda cha chipsi, ambako kila roboti alikuwa akikwama kwenye meza na kutetemeka. Sasa anatoka pale kama alivyotoka chalii mmoja wa Mianzini: anagonga meza, anarudi nyuma, anaruka juu yake, anashuka upande wa pili akiwa ameelekea kusiko.

Sasa nije kwenye makosa, maana hapa ndipo ninapobishana na watu wengi wanaofanya kazi kama yangu. Ushauri unaotolewa haraka ni huu: binadamu hukosea, basi mfanye roboti akosee mara moja katika kila kumi. Tulifanya. Mlinzi akawa anampita mtu aliyesimama peupe, mchana kweupe, hatua tatu mbele ya pua yake, kwa sababu tu bahati nasibu ya kompyuta ilisema safari hii usione. Dakika inayofuata anamwona mtu mwingine aliyeonyesha kiwiko tu juu ya ukuta. Vijana hawakusema roboti ni mjinga. Walisema anajifanya. Wengine waliudhika zaidi ya walivyoudhika na yule aliyeona kupitia ukuta, na nawaelewa: kuachiwa makusudi kunadhalilisha.

Binadamu hakosei kwa bahati nasibu. Anakosea kwa sababu, na anayemtazama huiona sababu hiyo hata kama hawezi kuitaja. Mlinzi alikupita kwa kuwa bati lililia upande wa kopo akageuza shingo. Alikupita kwa kuwa sekunde mbili zilizopita aliona shati jekundu likiingia kwenye choo cha nje na kichwani mwake hamna kingine. Alikupita kwa kuwa pale uliposimama alishapaangalia, akapafuta kwenye hesabu zake.

Kwa hiyo tukafuta bahati nasibu yote na kumwekea roboti umakini wenye kiasi. Ni kama mama lishe mwenye wateja wanne na jiko moja: akigeukia ugali, chai inafurika, na hakuna anayeshangaa. Kila kitu kinachotokea kinadai sehemu ya umakini huo. Sauti ya bati inadai nyingi. Aliyetajwa jina na bado anakimbia kuwahi kopo anadai karibu yote. Hofu ya kopo inadai kidogo muda wote na kuongezeka kadiri mlinzi anavyoliacha mbali. Kinachobaki ndicho kinachotumika kuona. Kikibaki kidogo, pembe ya macho inasinyaa, kutambua jina kunachelewa, na roboti anaweza kukupita hatua tatu bila kudanganya mtu.

Raha ya mpangilio huu ni kwamba wachezaji waliugundua wakaanza kuutumia. Wawili wanapatana: mmoja anarusha jiwe kwenye bati upande wa kisima, mwingine anachomoka kulibutua kopo. Hatukuwafundisha. Wanacheza hivyo mtaani, na roboti akaingia mtegoni kama mlinzi yeyote. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko kuwauliza "huyu ni mtu au mashine?" Swali hilo linawafanya wachezaji wawe askari wa upelelezi, nao wakianza kupeleleza hawachezi tena. Nikiona mtoto anamtegea roboti mtego ambao angemtegea mwenzake, najua tumefika sehemu.

Mara nyingi nimeulizwa kwa nini tusiache kompyuta ijifunze yenyewe. Mwaka 2019 OpenAI walifanya hivyo hasa kwa mchezo wa kujificha na kutafutana. Wahusika wao walicheza mamia ya mamilioni ya raundi. Waliojificha wakajifunza kuziba milango kwa maboksi. Watafutaji wakajifunza kusukuma vipandio na kuruka ukuta. Waliojificha wakaviiba vipandio mapema. Baadaye watafutaji wakagundua wanaweza kupanda juu ya boksi na kusafiri nalo uwanjani, hila ambayo watengenezaji wenyewe hawakuifikiria. Ni kazi ya kupendeza na nimeitazama video yake mara nyingi. Lakini hakuna mtoto wa Kijenge anayecheza hivyo. Kinachojifunza kushinda kinajifunza kushinda, na kitapita kila tundu uliloacha kwenye ramani. Ukitaka kinachofanana na watu lazima kijifunze kutoka kwa watu. Watafiti wa programu ya chesi iitwayo Maia walifanya hivyo mwaka 2020: badala ya kuitaka itafute hatua bora, waliitaka ibashiri hatua ambayo mtu wa kiwango fulani angeicheza, makosa yake yakiwemo. Sisi hatuna mashine wala data za kiasi hicho. Tuna rekodi za banda moja, na simu za wateja wetu zina kumbukumbu ndogo, basi tunachukua tunachoweza kwa mkono.

Kisirani tuliongeza baadaye. Mlinzi wa kibinadamu aliyebutuliwa kopo na mtu fulani humtafuta huyohuyo raundi inayofuata, hata kwa hasara. Ni mstari mmoja tu wa programu, namba inayopanda na kushuka kwa kila mchezaji, lakini ulibadilisha hali ya hewa ya gemu nzima, kwa sababu mtu akihisi anawindwa yeye binafsi anaamini kuna nafsi upande wa pili. Gemu ya Pac-Man ilishalijua hili mwaka 1980: mizimu yake minne kila mmoja ana namna yake ya kukuandama, na wachezaji wakawapa tabia ambazo kwenye hesabu ni kanuni fupi tu.

Tumebishana na mwenye banda kuhusu kusema ukweli. Yeye anaona mteja akijua kwamba watatu kati ya sita ni kompyuta ataondoka, na ana uzoefu wa wateja kuliko mimi. Mimi nakataa kumwacha mtoto amwage bando lake akidhani amepata marafiki. Tumeishia hapa: wakati wa mchezo hakuna alama yoyote, raundi ikiisha orodha inaonyesha nani alikuwa kompyuta. Vijana wameifanya hiyo kuwa mchezo wa pili. Wanabashiri kabla orodha haijatokea, kwa kelele ambazo jirani fundi cherehani ameshazilalamikia.

Kinachonishughulisha sasa ni mashati. Mtaani waliojificha pamoja hubadilishana mashati ili mlinzi ataje jina lisilo lake, na wachezaji walitudai hilo tangu mwanzo. Roboti akiwa mlinzi ni rahisi: anatambua kwa rangi, basi anadanganyika. Ugumu ni roboti aliyejificha kuona kwamba huu ndio wakati wa kubadilishana. Haitoshi ajue mlinzi yuko wapi. Inabidi ajue mlinzi anaamini nini, kwamba alimwona fulani na shati lile dakika iliyopita na hajamwona tena. Kwa hiyo kila roboti sasa anatunza daftari dogo la alichokiona mlinzi, si la alichokiona yeye, na kwenye simu za bei nafuu daftari hilo limeanza kuleta mikwamo.

Halafu kuna namna ya kuomba. Gemu yetu haina maneno. Tulimfanya roboti amsogelee mwenzake, achuchumae na kushika kola yake. Binti yule mtulivu wa Sanawari aliposogelewa hivyo alidhani simu imeganda, akamkimbia roboti na kuonekana hadharani. Wiki hii najaribu jingine: roboti avue shati lake kwanza, aliweke chini katikati yao, asubiri.